Je, utafiti wa kemia ya uchambuzi umekufa vyuoni Tanzania? Jibu kwa mwalimu wa Kahama

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari hapa Kahama, nina shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu. Nataka kusoma uzamili wa kemia upande wa uchambuzi, yaani kutambua na kupima kilichomo ndani ya kitu, nipime zebaki kwenye maji na samaki wa maeneo ya wachimbaji wadogo. Wenzangu wananivunja moyo. Wanasema utafiti wa namna hiyo vyuoni kwetu umekufa, mashine ni mapambo na sampuli zote zinapelekwa nje. Ni kweli? Na nikiamua kwenda, niangalie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wananiuliza swali hili, na wengi wameshajibiwa kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Yote mawili yanapotosha.

Utafiti haujafa. Vyuo vyetu vina watu wanaojua kuuliza swali linaloihusu nchi hii. Udhaifu uko baada ya swali kuulizwa: maabara nyingi haziwezi kusimama mbele ya mtu na kuitetea namba waliyoitoa. Wenzako wameona mashine iliyofunikwa kitambaa wakahitimisha kwamba hakuna kitu. Hebu nikuonyeshe kilichofanyika, kisha nikueleze kile kitambaa kimetoka wapi.

Chukua Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake. Vikawekwa bandani, banda likaanguka, mvua ikavishusha ardhini. Baadaye mabaki yakaondolewa, na kwa macho eneo likaonekana safi. Michael Kishimba wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na wenzake wa hapa na wa Uswidi, walichukua sampuli za udongo na maji ya eneo lile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: udongo wa juu ulikuwa na DDT pamoja na mazao ya kuoza kwake hadi asilimia 28, na HCH, kiuatilifu kingine, hadi asilimia 6. Mabaki yalikutwa mpaka sentimita 50 chini, na maji ya kisima nayo yalikuwa na sumu hizo. Yaani mahali palipochafuka zaidi, zaidi ya robo ya udongo wa juu ilikuwa kiuatilifu, na hiyo ni baada ya kusafisha! Hakuna jicho wala pua iliyoweza kulisema hilo kwa namna ambayo ofisi yoyote ingelazimika kusikiliza. Mwaka huohuo Kishimba na wenzake, wakiwemo watafiti waliofanya kazi Zanzibar, walichapisha katika jarida la Talanta picha ya uchafuzi wa viuatilifu nchini kwa ujumla. Talanta ni jarida la kemia ya uchambuzi linalosomwa dunia nzima. Kazi hiyo ilitoka Mlimani.

Au chukua mboga za Dar es Salaam. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya metali nzito katika mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walitumia AAS, mashine inayopima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomi zake, ambayo hata wakati ule haikuwa ngeni. Makala ile ni fupi, na mpaka leo inanukuliwa na watafiti wa mabara mengine wanaopima mboga za mijini. Swali lilikuwa letu, sampuli zetu, mikono yetu.

Sasa upande wa pili. Ukifuatilia tafiti kubwa za miaka ya karibuni utaona mchoro unaojirudia: swali na sampuli vinatoka hapa, kipimo kigumu kinafanyika kwingine. Sumukuvu ni mfano mzuri. Martin Kimanya na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa Rombo waliokula uji wa mahindi wenye fumonisini nyingi, aina mojawapo ya sumukuvu, walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Miaka mitano baadaye ukachapishwa utafiti wa Shirima na wenzake uliofuatilia watoto wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, ukipima alama za sumukuvu katika damu na mkojo. Kazi nzuri kabisa. Lakini vipimo vile vilitegemea ushirikiano na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa sababu huko ndiko mbinu na mashine zake zilikokuwa zimekomaa. Mwaka 2016 watu 68 wa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, 20 wakafa. Ugonjwa wa namna hiyo unapoingia kijijini, kusubiri sampuli zisafiri ng'ambo ni jambo ambalo familia haiwezi kulimudu.

Kwa hiyo wenzako hawasemi uongo kuhusu sampuli kwenda nje. Wanakosea kudhani kwamba kupeleka nje ni dalili ya kufa. Uswidi ilianza kusaidia utafiti wa vyuo vyetu miaka ya 1970, na programu ya sayansi ya Uppsala iliyoanza mwaka 1961 imelea wanakemia wengi wa Afrika Mashariki. Utaratibu ulikuwa kijana asajiliwe hapa, achukue sampuli hapa, aende Uswidi miezi kadhaa kwenye mashine, arudi kuandika. Umetupatia wahadhiri wengi, na mimi nauheshimu. Kasoro yake ni kwamba mtu anarudi na ujuzi wa mashine ambayo chuo chake hakina, na baada ya miaka michache bila kuigusa, ujuzi ule unachakaa.

Kwa nini basi mashine zikinunuliwa hapa zinalala? Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Mashine kubwa kama GC-MS au LC-MS, zinazotenganisha kemikali zilizochanganyika kisha kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake, mara nyingi huletwa na mradi wa mfadhili. Bajeti ya mradi ina pesa ya kununua, kusafirisha na kufunga, na mafunzo ya siku chache. Mradi unaisha baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mkataba wa matengenezo unakwisha nao. Siku pampu ya ombwe inapokufa, mhandisi aliyeidhinishwa na kampuni yuko Nairobi au Johannesburg. Tiketi yake, posho na kipuri hulipwa kwa dola, na idara haina kifungu cha bajeti chenye jina hilo. Mkuu wa idara anaandika dokezo. Dokezo linapanda na kushuka. Wakati huo mwanafunzi wa uzamili ana miaka miwili tu ya kumaliza.

Ongeza umeme. Spektrometa ya masi, ile MS ya GC-MS, hufanya kazi chini ya ombwe kali, na umeme ukikatika ghafla pampu inasimama, hewa inaingia, na kulirudisha ombwe huchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Kukatika mara kadhaa kwa wiki kunazichosha pampu na kuziua bodi za umeme. Ongeza gesi. GC-MS huhitaji heliamu safi, ICP, mashine ya kupima metali kwa plazima ya moto mkali, huhitaji agoni kwa wingi mno, na mitungi huagizwa kutoka mbali. Mtungi ukiisha katikati ya kazi, kazi inasimama. Halafu kuna vimumunyisho, safu za kutenganishia, na kemikali rejea zenye cheti, ambazo chupa ya miligramu chache inaweza kuzidi posho ya mwanafunzi ya mwezi, tena nyingine zinataka kusafirishwa zikiwa na baridi.

Lakini kuliko gesi na umeme, kinachoniuma zaidi ni fundi sanifu wa maabara. Mtu huyu ndiye anayeijua mashine kwa sauti yake. Ndiye anayejua kwamba safu hii imechoka na taa ile inakaribia kuungua. Katika vyuo vyetu ana cheo cha chini, hana njia ya kupanda bila kuacha benchi, na anapopata ujuzi wa kweli, migodi na viwanda vinamchukua kwa mshahara mara kadhaa. Nimeona katika chuo kimoja mashine nzima, isiyo na hitilafu hata moja, ikikaa kimya muda mrefu kwa sababu aliyekuwa akiiendesha aliondoka. Kwa maoni yangu, kila shilingi inayowekwa kwenye mshahara na mafunzo ya fundi sanifu inazaa utafiti zaidi kuliko shilingi ya kununua mashine mpya. Upo mradi mkubwa wa elimu ya juu, HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021, na sehemu ya pesa hiyo ni ya kujenga maabara. Naufurahia. Ila nawaomba wanaosimamia waandike jina la fundi na mkataba wa matengenezo kabla ya kuandika jina la mashine.

Hali hii imeuumba utafiti wetu kwa namna ambayo utaiona ukisoma tasnifu za vyuoni. Tumezalisha tafiti nyingi za kupima kiwango cha kitu fulani mahali fulani: risasi katika mchicha, kadimiamu katika samaki, viuatilifu katika nyanya. Nyingi zinafuata njia ileile ya mwaka 1999, zikibadilisha mto na mboga. Siwalaumu vijana, wanafanya kinachowezekana kwa mashine iliyopo. Ila utafiti wa kutunga mbinu mpya ya kupima, ambao ndio moyo wa fani yenyewe, ni mchache. Na tafiti nyingi za viwango haziwezi kulinganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu hazionyeshi kwamba mtafiti alipima pia sampuli rejea yenye thamani inayojulikana, wala ni asilimia ngapi ya kitu alichokiongeza kwa makusudi alichoweza kukirudisha.

Wapo waliotoka nje ya mkumbo huo, na ndio wanaonipa matumaini. Eliangiringa Kaale na wenzake wa Shule ya Famasia ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, walichukua HPTLC, mbinu inayotenganisha dawa kwenye bamba jembamba lililopakwa silika, wakatunga na kuthibitisha njia za kupima dawa za UKIMWI, malaria na nyinginezo. Mwaka 2010 walichapisha utafiti uliolinganisha matokeo ya mbinu hiyo kati ya maabara mbalimbali. Bamba halihitaji ombwe wala heliamu, linapima sampuli nyingi kwa mara moja, na linatumia kimumunyisho kidogo. Hawakusubiri hali ibadilike, walichagua mbinu inayovumilia hali ilivyo, kisha wakaithibitisha kwa ukali uleule unaotakiwa Ulaya. Hiyo ndiyo kemia ya uchambuzi.

Kaskazini kuna mfano wa pili. Maji ya Arusha na Kilimanjaro yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Nanyaro na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba madimbwi na maziwa ya magadi ya huko yanafika miligramu 690 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5. Floridi hupimwa kwa elektrodi maalumu inayobebeka, isiyohitaji gesi wala bei ya kutisha. Matokeo yake, kituo cha Ngurdoto na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoanza kufundisha Arusha mwaka 2011 vimeweza kufanya utafiti mfululizo wa kuiondoa, kuanzia mkaa wa mifupa hadi vichujio vipya. Penye kipimo cha uhakika kilicho mkononi, utafiti unasonga wenyewe.

Sasa tuje kwenye zebaki yako.

Huanzi patupu. Miaka ya 1990 John Ikingura, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishirikiana na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya Japani inayoshughulikia ugonjwa wa Minamata, unaoletwa na sumu ya zebaki, walipima samaki, mashapo na nywele za watu wa ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria. Zebaki ilikuwa juu katika mabaki ya kuoshea dhahabu na mashapo ya karibu na machimbo, lakini samaki wa ziwa walikuwa na kiasi kidogo, chini sana ya miligramu 0.5 kwa kilo ambayo nchi nyingi huitumia kama ukomo. Baadaye walitumia ule ukoga wa kijivu unaoota kwenye magome ya miti kupima zebaki ya hewani, inayotokana na wachimbaji kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Zisome kazi hizo kabla hujaandika mstari mmoja wa andiko lako. Wachimbaji wameongezeka sana tangu wakati ule, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, kwa hiyo nchi inazihitaji namba mpya.

Nakushauri uache maji, angalau kwa uzamili. Zebaki katika maji ya mto ambayo hayajachafuliwa huwa katika nanogramu kwa lita. Inang'ang'ania kuta za chupa ya plastiki ya kawaida, inatoroka kama hukuweka asidi mapema, na mkono wako au hewa ya maabara inaweza kuingiza zaidi ya kilichomo. Ili uiamini namba hiyo unahitaji chumba safi na kipimo cha fluoresensi ya atomiki, na ni maabara chache zinazoweza. Samaki na mashapo ni rafiki zaidi: kiasi ni kikubwa, na AAS ya mvuke baridi inatosha. Ikiwepo ile mashine inayochoma sampuli moja kwa moja na kunasa zebaki kwenye dhahabu, ni bora zaidi, maana huhitaji hata kuyeyusha kwa asidi. Usikaushe samaki kwa joto kali, utaipoteza zebaki kabla hujaipima. Nunua, au msimamizi akununulie, chupa moja ya unga wa samaki wa DORM kutoka Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, wenye kiasi cha zebaki kilichothibitishwa, na uupime kila siku unayopima sampuli zako. Chupa hiyo ndiyo itakayokutetea mbele ya watahini, na mbele ya mgodi pia. Ukitaka kupima nywele za watu, jua kwamba utahitaji kibali cha maadili, na kibali hicho kina muda wake. Anza mapema.

Kuhusu kuchagua mahali, usiulize chuo kina mashine gani. Tovuti zote zina picha za mashine. Uliza ilitumika lini mara ya mwisho, na uombe kuona kitabu cha kumbukumbu kinachokaa kando yake. Kitabu chenye mwandiko wa wiki hii kinaeleza zaidi ya brosha. Uliza nani anaiendesha na kama ameajiriwa au ni wa mradi. Uliza gesi inatoka wapi na mtungi wa akiba uko wapi. Uliza kama maabara imewahi kushiriki jaribio la umahiri, lile ambalo maabara nyingi hupewa sampuli ileile bila kuambiwa jibu, na matokeo yalikuwaje. Msimamizi mwema hatakasirika. Akikasirika, umeshajibiwa.

Halafu usijifunge ndani ya uzio wa chuo. Baadhi ya maabara bora za uchambuzi nchini ziko nje ya vyuo: Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye historia ya maabara yake inaanzia 1895 enzi za Wajerumani, TMDA kwa dawa, TBS kwa chakula na bidhaa, Tume ya Nguvu za Atomiki Arusha, maabara ya Taasisi ya Jiolojia Dodoma, na kituo cha madini cha Kunduchi. Kazi yao ni ya huduma na udhibiti, kwa hiyo mashine zao hulazimika kufanya kazi, na kadhaa zina ithibati. Muulize msimamizi wako mapema kama kuna makubaliano ya wewe kukaa huko wiki kadhaa. Naona ajabu kwamba vyuo na maabara hizi hazishirikiani zaidi, wakati wahitimu wetu ndio wanaozijaza. Kuna pia mtandao wa wanakemia wa uchambuzi wa kusini na mashariki mwa Afrika, SEANAC, uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wenye makao Botswana. Mikutano yake ni mahali pa kukutana na wasimamizi na watu wa mashine wa nchi jirani, hasa kama utakuja kutaka uzamivu.

Kwa mwalimu kama wewe kuna jambo moja la mwisho. Shahada ya sayansi na ualimu hubeba kozi za kemia chache kuliko shahada ya kemia tupu, kwa hiyo soma vigezo vya udahili vizuri, na kabla ya kuomba rudia takwimu: wastani, mchepuko, mstari wa kalibresheni, kutokuwa na uhakika kwa kipimo. Wanafunzi wengi wa uzamili ninaowapokea wanaweza kuendesha mashine baada ya mwezi. Kinachowachukua mwaka ni kueleza kwa nini namba yao ni 0.12 na wala si 0.2.

Andikia wasimamizi wawili au watatu, Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, hata Sokoine kama utaegemea chakula. Waeleze samaki gani, wa bwawa au mto upi, na kwa nini huo. Akikujibu mmoja kwamba mashine ya zebaki iko njiani inakuja, mwombe mada inayoendana na mashine iliyokwisha kufungwa, au nenda kwa yule wa pili.